Barua za Wasomaji: Baada ya Maji Kupungua

Tangu masika yaishe, barua nyingi zinazofika katika meza hii zimetoka mwambao, na nyingi zinahusu mafuriko na dhoruba. Tumechagua tano, na kila barua inafuatiwa na jibu lake. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Tanga, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ushonaji. Masika yaliyopita maji yaliingia nyumbani kwetu usiku na kufika juu ya madirisha. Tukatoka na watoto mgongoni na nguo tulizolalia. Banda la nyuma lilianguka, na nyumba kubwa imesimama lakini kuta zina nyufa. Sasa tunakaa kwa shemeji. Mwanangu wa miaka 7 ameanza kukojoa kitandani, na mvua ikigusa bati huingia chini ya meza. Mama mkwe anasema tusimkumbushe, atasahau mwenyewe. Mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli, hazungumzi. Kutwa anazungusha gurudumu ambalo halina kasoro, na usiku anameza vidonge vya usingizi alivyonunua duka la dawa. La mwisho naona haya kuliandika. Siku ya kugawa unga na mablanketi nilijificha, kwa sababu vijana walikuwa wakipiga picha kwa simu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwashonea sare za bure watoto wa jirani. Kila mtu ananiambia nimshukuru Mungu kuwa tumetoka wazima. Namshukuru, lakini ninalia kwa ajili ya cherehani. Je, ninakufuru?
*Mama wa Watatu, Tanga*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na cherehani, maana naona ndiyo iliyobeba barua yako yote.

Hukufuru. Anayekwambia ushukuru hasemi uongo, lakini mara nyingi anasema hivyo kwa sababu hajui la kusema, na maneno hayo humfunga mdomo aliyefikwa kabla hajaanza kusema. Unaweza kumshukuru Mungu kwa watoto watatu na papo hapo ukalilia chombo kilichokupa jina mtaani. Cherehani ile ilikuwa riziki yako, na pia ndiyo iliyokuweka upande wa watoaji. Maji yalipoifunika, yalikuhamisha upande, na hilo ndilo lililokufanya ujifiche siku ya unga. Sisi watu wa pwani tumelelewa na stara: mtu hula nusu tumbo na kufunga mlango ili jirani asijue. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuona haya. Wa kulaumiwa ni utaratibu uliokutaka ununue kilo za unga kwa sura yako.

Hata hivyo usijifiche tena. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wakati ambapo hakuna mgao, uhakikishe kuwa kaya yenu imeandikwa katika orodha ya waathirika, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa katika ngazi mbalimbali za utawala, na msaada unaokuja baadaye hufuata orodha hizo. Mweleze waziwazi kwamba hutaki kupigwa picha. Kupokea msaada hakuuzi haki ya mtu juu ya sura yake, na mwenyekiti mwenye busara atakubali umtume ndugu akupokelee.

Kuhusu cherehani yenyewe, kabla hujaihesabu kuwa imekufa, usiizungushe kwa nguvu, kwa maana mchanga uliomo ndani utakwangua vyuma. Ifunguliwe, matope yaoshwe kwa maji safi, ikaushwe vizuri, kisha vyuma visafishwe kwa mafuta ya taa na kupakwa mafuta ya cherehani. Mashine nzito za zamani huhimili mengi. Na fundi wa kuifungua tayari unaye ndani ya nyumba, anayetafuta kitu cha kushika. Mwekee mumeo ile mashine mbele yake, usimwambie kitu kuhusu huzuni, na umwombe akusaidie kutoa kile kikasha cha bobini kilichojaa udongo. Wanaume wengi wa kwetu husema wakati mikono ina kazi na macho hayatazamani.

Vidonge, hata hivyo, ni jambo jingine, na hapo sitalegeza neno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linaonya dhidi ya kuwapa watu dawa za kutuliza za kundi la diazepamu katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha, kwa kuwa haziondoi dhiki yenyewe na mwili huzizoea. Iwapo amezitumia kwa majuma mengi, asiziache ghafla, bali aende kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ndiyo mahali pa kuanzia, na kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Kukosa usingizi, kushtuka na kuona tukio likijirudia ni mambo ya kawaida katika majuma ya mwanzo, na kwa watu wengi hupungua yenyewe. Lakini yakipita mwezi bila kupungua, au mtu akishindwa kufanya kazi zake, au akianza kusema kwamba heri angekufa, basi safari ya hospitali isingoje kesho.

Sasa mtoto. Kukojoa kitandani baada ya hofu kubwa kunajulikana vizuri kwa waganga, na ushauri wao ni mmoja: asichapwe, asiaibishwe mbele ya wenzake, wala godoro lisianikwe uwanjani kama tangazo. Atandikiwe nailoni, aamshwe usiku kwa upole, na siku ambayo kitanda ni kikavu asifiwe kidogo tu. Mvua ikianza, usimvute kutoka chini ya meza. Ingia naye.

Kwa mama mkwe, kwa heshima zote, sikubaliani naye. Mtoto hasahau kwa sababu wakubwa wamenyamaza; hukumbuka peke yake, na kumbukumbu ya peke yake huwa kubwa kuliko maji yenyewe. Msimlazimishe kusimulia, na hata watu wazima hawafai kulazimishwa, kwa kuwa imeonekana kwamba kumkalisha mtu kitako aeleze yote mara moja hakumsaidii. Ila akiuliza, ajibiwe ukweli kwa maneno madogo: maji yalitoka wapi, kwa nini yaliingia usiku, tutafanya nini yakija tena, nani atambeba. Katika kisiwa cha Simeulue, huko Indonesia, wimbi kubwa la mwaka 1907 liliua watu wengi, na waliobaki wakalifanya hadithi na wimbo wa kuwaimbia watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikakauka, kimbieni mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga kisiwa hicho, watu 7 tu ndio waliokufa kati ya takribani 78,000. Watoto wale walikumbushwa kwa karibu miaka 100 mfululizo, na wakapona.

Kabla hamjarudi katika nyumba ile yenye nyufa, fundi mwashi aione, na swichi kubwa ya umeme isiguswe mpaka TANESCO wapitie nyaya. Kuta za udongo hukauka nje kwanza, na ndani zinaweza kubaki zimelowa kwa muda mrefu huku mkono ukidhani zimekauka.

Kaka yangu alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi hapa Bagamoyo. Walitoka watatu wakati wa kusi, bahari ikachafuka, mashua ikapinduka. Mabaharia wawili waliokolewa na chombo kingine, na mbao za mashua zikaokotwa, lakini kaka hajaonekana, na sasa ni mwezi wa saba. Shemeji hajui kama akae eda au asikae. Mama kila jioni humpakulia chakula na kukifunika kwa kawa. Baba mdogo anataka tugawane injini na nyavu, anasema aliyekufa amekufa. Tusome hitma, au tuendelee kungoja?
*Mdogo Mtu, Bagamoyo*

Pole sana, mdogo wangu, na salamu zangu zimfikie mama.

Msiba wenu ni wa namna iliyo ngumu kuliko nyingine, kwa kuwa hauna mwanzo. Maiti ikiletwa nyumbani, kila mtu anajua kazi yake: wako wa kuosha, wa kuchimba, wa kupika, wa kupokea wageni, na siku zikitimia matanga huanuliwa. Ninyi hamkupewa hata siku ya kwanza. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza familia za watu waliopotea, na nilichojifunza kwake ni kwamba kuchanganyikiwa kwa familia kama yenu hakutokani na udhaifu wa imani wala wa akili. Jambo lenyewe ndilo lenye pande mbili, na mtu anaweza kusema kwa ulimi mmoja, “Huenda amekufa,” na “Huenda akarudi,” bila kuwa mwongo. Kwa hiyo sahani ya mama iacheni. Haimdhuru mtu. Siku atakapokuwa tayari, atampakulia mjukuu chakula kile, na asiwepo wa kumtazama kwa jicho la ushindi.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hayawezi kuning'inia kama sahani. Kama bado hamjafanya hivyo, taarifa iandikwe polisi na kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwambao, wa diko lenu, pamoja na maelezo ya wale mabaharia wawili: walimwona mara ya mwisho wakati gani, upepo ulikuwaje, mashua ilipinduka wapi. Maelezo hayo yaandikwe sasa, wangali wakikumbuka, na familia ibaki na nakala. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuwa mtu asiyesikika kwa miaka 5 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake huchukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitike vinginevyo. Muda huo ni kwa pale ambapo hakuna ushahidi mwingine. Palipo na mashahidi wa ajali na mbao za chombo, ni juu ya mahakama kupima uzito wake. Nendeni kwa wanasheria wa msaada wa kisheria wilayani kwenu mkiwa na karatasi hizo mkononi.

Suala la eda si langu kulitolea hukumu, wala si la baba mdogo. Eda huhesabiwa kutoka kwenye kifo, na kifo hapa hakijathibitishwa, kwa hiyo shemeji apelekwe kwa masheikh wa BAKWATA wilayani, aulize mwenyewe kwa kinywa chake, na ajibiwe yeye. Nimeona mara nyingi mwanamke wa namna hii akijadiliwa na ukumbi mzima wa wanaume huku yeye yuko jikoni anasikiliza kupitia dirishani.

Injini na nyavu zisigawanywe. Urithi hufunguliwa na kifo kilichothibitishwa na msimamizi aliyeteuliwa, si na haraka ya mtu. Lakini pia zisioze bandani. Kaeni kikao, muandike kila kitu kilichopo, injini ikodishwe kwa nahodha mnayemwamini, na mapato yawafikie shemeji na watoto, kwa sababu wao wanakula leo. Mkifanya hivyo, kaka akirudi atakuta mali yake, na asiporudi warithi watakuta hesabu.

Kuhusu hitma, dua inasomewa aliye hai na aliyekufa. Someni dua ya kumwombea aliyeko baharini, bila kutangaza mauti. Alikeni watu, pikeni mnachoweza, na wale mabaharia wawili waje wakae mbele ya mama. Nadhani wao pia hawalali. Mtu aliyeokolewa wakati mwenzake hakuokolewa hukwepa nyumba ile kwa aibu, na familia nayo hudhani anawadharau.

Mimi ni mwanachama wa kikoba hapa Tanga. Mtaji wangu wote wa unga na mafuta uliharibika kwa mafuriko, na bado nadaiwa marejesho ya miezi minne. Nimeambiwa kuna watu wanaokopesha haraka bila masharti. Nichukue nilipe kikoba nisivunje heshima?
*Muuza Maandazi*

Usichukue, mama. Mikopo hiyo wenyewe wanaokopa wameipa jina la kausha damu, na hawakuipa kwa utani. Utalipa deni la wenzako wanaokujua kwa kuanzisha deni la mtu asiyekujua, ambaye ataondoka na jiko, godoro na ile karai yako ya kukaangia.

Nenda kwenye kikao kabla ya siku ya marejesho, usingoje kuulizwa. Simama useme kiasi ulichopoteza na kiasi unachoweza kulipa kila juma, hata kiwe kidogo cha kuchekesha. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na katiba ya kikundi inaweza kuruhusu majanga nayo yahesabiwe. Kama haisemi lolote, wanachama ndio walioiandika na wanaweza kuiongezea kifungu. Anayevunja heshima katika kikoba ni yule anayezima simu. Kisha uanze na kilo mbili za unga, si gunia.

Kisima chetu kiliingiliwa na maji ya mafuriko. Sasa maji yanaonekana masafi. Tunaweza kunywa? Na vyeti vya watoto vimelowa, tuvifanyeje?
*Baba wa Familia, Bagamoyo*

Msinywe bado. Maji yaliyopita vyooni yakaingia kisimani yanaweza kuonekana masafi na bado yakawa na vimelea vya kipindupindu. Mwiteni bwana afya wa kata. Kisima kitatolewa maji na tope, kitatiwa klorini kwa kipimo, na maji yenye klorini yatatolewa tena kabla ya kutumiwa. Mpaka hapo, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya maji ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Akitokea mwenye kuharisha maji kama ya mchele, apewe maji yenye chumvi na sukari ya paketi huku mkimpeleka zahanati.

Vyeti vilivyolowa vikaushwe kivulini, kimoja kimoja, juu ya kitambaa kikavu. Jua kali hukunja karatasi na kufifisha wino. Vilivyopotea vianzie polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha RITA kwa vyeti vya kuzaliwa, NIDA kwa vitambulisho, na Baraza la Mitihani kwa vyeti vya shule. Anzeni na cha kuzaliwa, kwa sababu milango mingine mingi hukiuliza hicho.

Bibi yangu anasema pwani yetu haipigwi na kimbunga, ni mvua tu za Mungu. Lakini tangu mwaka juzi nasikia matangazo, na kila upepo ukivuma silali. Mimi na wenzangu pia tumekusanya nguo za kuwapelekea waliofikwa na mafuriko Rufiji. Je, tunafanya vizuri?
*Mwanafunzi, Bagamoyo*

Bibi yako ana sehemu ya ukweli, mjukuu wangu. Vimbunga havipendi kukaribia ikweta, kwa sababu nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo ndiyo huusokota upepo, ni dhaifu sana huko. Ndiyo maana Msumbiji na Madagaska hupigwa mara kwa mara, nasi mara chache. Lakini mara chache si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na hapo hapo Bagamoyo kikaharibu majengo ya misheni ya Wakatoliki yaliyokuwa na umri wa miaka 4 tu. Mwaka 1952 kingine kiliingia Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitukaribia, boti za Zanzibar zikasitisha safari, kisha kikapoteza nguvu.

Dawa ya hofu yako ni kazi ndogo inayofanyika mchana: kata matawi ya mwembe yanayoegemea paa, weka nyaraka katika mfuko wa nailoni, jua ni njia gani mtapita kwenda mahali pa juu, na usikilize Mamlaka ya Hali ya Hewa badala ya sauti zinazotumwa usiku kwenye makundi ya simu. Ukiwa na la kufanya, upepo utabaki kuwa upepo.

Kuhusu nguo, nia yenu ni njema, lakini ulizeni kwanza. Mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 yalikuwa ya maji yaliyokaa mashambani kwa majuma mengi, na mtu aliyepoteza mpunga na mahindi hashibi fulana. Kabla ya kufunga marobota, mpigieni simu mtendaji wa kata au mwalimu wa shule ya huko, mwulizeni wamekosa nini. Huenda mkaambiwa mbegu, majembe, madaftari, sufuria zenye mifuniko, taulo za kike ambazo hakuna mwanamke atakayeziomba kwa kipaza sauti. Nguo mtakazopeleka zifuliwe na kupigwa pasi, vifungo vyote viwepo; kama wewe usingeivaa kwenda Idi, iache nyumbani. Mkifika, mkabidhini mwenyeji avigawe jioni nyumba kwa nyumba, na simu zenu ziwe mfukoni.